Kadi ya Delta: kupandisha au kufunga?

Dada, unauliza kama kadi yako ya mkopo ya American Express, ile ya shirika la ndege la Delta, daraja la Gold lenye ada ya dola 150 kwa mwaka, uipandishe iwe Platinum ya dola 350 au uifunge. Kwanza, unaruka mara ngapi ndani ya Marekani? Utamu wa Platinum ni ile tiketi ya mwenzako, unayopewa kila mwaka ukishahuisha kadi. Yeye mnamlipia kodi na ada tu. Ila inaishia Marekani, Mexico, Karibi na Amerika ya Kati. Kwenda Dar kumsalimia mama haikusaidii kitu. Na kama mwenzako wa safari ni begi, ndiyo kabisa.

Halafu ukipandisha kichwa kichwa, unaweza kujinyima bonasi ya kukaribishwa ya Platinum (zawadi ya maili kwa mwenye kadi mpya), ambayo American Express hawaitoi mara mbili.

Mimi ningeomba kushushwa hadi Blue, daraja la chini kabisa. Haina ada, na umri wa akaunti kwenye historia yako ya mikopo unabaki. Maili, yaani pointi zako za safari, usihofu: ziko Delta, wala haziozi. Ukiamua kufunga, funga ndani ya siku 30 tangu itoke taarifa ya akaunti yenye ada ya mwaka, urudishiwe hela yako.