Kritsa, Krete: shuka kwenye basi kabla ya kijiji

Mkuu, umeuliza kama ukiwa Krete, kisiwa cha Ugiriki, inafaa kuacha ufukwe ukapande milimani kuangalia makanisa ya Kibizanti (ya Wakristo wa Kigiriki wa enzi za kati), au yote ni yale yale. Nimewahi kukaa Heraklion, mji mkuu wa kisiwa, kikazi, na kila mgeni aliyenifuata kule nilimpeleka Kritsa. Nenda. (Viza ni ile ile ya Schengen, hakuna kibali kingine cha kisiwani.)

Fika kwanza Agios Nikolaos, kama saa moja na nusu kwa basi kutoka Heraklion. Hapo unapanda basi la Kritsa, kilomita kumi hivi za kupanda mlima katikati ya mizeituni. Mwambie dereva "Panagia Kera", ndilo jina la kanisa lenyewe, naye atakushusha kando ya barabara, kama kilomita moja kabla ya kijiji.

Kwa nje utadhani umeletwa kwenye ghala la zamani lililopakwa chokaa: kuta nene zilizoegemezwa kwa mawe, kuba moja, miti ya saipresi pembeni. Kata tiketi uingie. Ndani karibu kila ukuta umechorwa, kuanzia chini hadi darini.

Kanisa lina sehemu tatu zilizobebana. Ya katikati, ya Bikira Maria, ndiyo kongwe, ya karne ya 13. Zile mbili za ubavuni ziliongezwa baadaye. Wageni wengi hukimbilia kwenye kuba. Mimi nakushauri uanze kusini, kwa Mtakatifu Anna, maana huko picha zinafuatana kama hadithi na huhitaji mtu wa kukuelezea. Yoakimu na mkewe Anna hawana mtoto, mume anakwenda nyikani na huzuni yake, malaika anawatokea, Maria anazaliwa. Usiitafute kwenye Biblia, haimo. Imetoka kwenye maandiko ya kale ya Wakristo yaliyobaki nje. Kwa macho yangu hata Karamu ya Mwisho iliyoko katikati haigusi kama sura ya Anna.

Kaskazini ni Siku ya Hukumu: Peponi wameketi Abrahamu, Isaka na Yakobo wamepakata roho za wenye haki.

Halafu tafuta nguzo yenye Fransisko wa Asizi. Ndiyo, mtakatifu wa Kikatoliki ndani ya kanisa la Kiorthodoksi! Krete ilikuwa mikononi mwa Venisi, dola ya Kiitalia, tangu karne ya 13 mpaka Waturuki wa Osmani walipoiteka Heraklion mwaka 1669. Watawala Wakatoliki, raia Waorthodoksi, karne kwa karne kisiwa kimoja. Mambo lazima yaingiliane. Hiyo nguzo peke yake ilinifundisha zaidi kuliko vibao vya makumbusho.

Nenda asubuhi mapema kabla mabasi ya watalii hayajajaa, mabega na magoti yafunikwe, usiguse kuta wala kutumia flashi.

Kutoka hapo panda kwa miguu hadi kijijini. Nyumba zimepandana mlimani, vichochoro ni ngazi tupu, na akina mama wanauza vitambaa vya kufuma. Vingine ni vya kiwandani, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Alasiri watu hupumzika na milango hufungwa. Makanisa madogo yaliyotapakaa huko mara nyingi yana kufuli. Uliza kwenye mgahawa wa kahawa nani ana ufunguo. Ukila hapo utaletewa kigilasi cha raki, pombe kali ya huko, bila kuagiza. Kama hunywi, weka mkono kifuani ushukuru, hakuna atakayenuna.

Ukibaki na nguvu, kilomita chache juu zaidi kuna magofu ya Lato, mji wa Wadori, kabila la Wagiriki wa kale, wa kabla ya Kristo. Ukienda kiangazi, beba maji na kofia, kivuli ni kidogo sana.