Kabla hujamfuata aliyepaniki

Mbukwenyi, wadogo zangu.

Jumamosi iliyopita pale kwenye bwawa la Hombolo nilimwambia mmoja wenu ajifanye mpiga mbizi aliyepaniki, mwingine aende kumwokoa. Mwokoaji akapiga mapezi moja kwa moja, uso kwa uso, mikono mbele, regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, inaning'inia kwapani, anaita, "Tulia! Tulia!" Nilipuliza filimbi mpaka wavuvi wakageuka. Mlidhani nimekasirika. Niliogopa, kwa sababu hii ni kozi ya nne naona kosa lilelile, na kosa hilo niliwahi kulifanya mimi kwa mtu halisi.

1. Mtazame kwanza. Maski iko kwenye paji la uso, regulata imetemwa, macho yamemtoka, mwili wima, mikono inapiga maji kama anapanda ngazi: huyo ameshapaniki, hakusikii. Aliyechoka tu atakuitikia ukimwita, na huyo unaweza kumwendea.

2. Jaketi lako la kuelea lijae hewa kabla ya lake. Baki mita tatu kutoka kwake. Toa regulata, sema, irudishe mdomoni kabla hujasogea hata kidogo. Na mnisikie vizuri: "tulia" haimsaidii, maana haimwambii mkono wake ufanye nini. Sema "Jaza jaketi!" Sema "Achia mkanda!" Maneno mawili, kwa sauti kubwa, rudia. Mtu anayehema haraka haraka na juu juu hatoi hewa ya ukaa ipasavyo. Inajaa mwilini, anahisi anakabwa hata kama mtungi wake una nusu nzima. Ndiyo maana anatema regulata inayompa hewa. Msimwone mjinga.

3. Mkanda wa uzito, ule wa vipande vya risasi unaokuzamisha, utoke. Vuta bizimu, utupe mbali na mwili, risasi zinanunulika. Wapiga mbizi wengi waliofia juu ya maji walikutwa mkanda ungali kiunoni.

Hili nimelijulia bwawa la Mtera. Tulikuwa wawili, tumeitwa kutafuta injini ya boti iliyodondoka upande wa Dodoma. Mwenzangu alikuwa na cheti kipya, mafunzo yote kayafanyia baharini. Maji ya chumvi yanakunyanyua kuliko maji ya bwawa. Mtu wa mwili wake akitoka baharini kuja Mtera anapunguza kilo mbili hivi kwenye mkanda. Hakupunguza, nami sikumuuliza. Asubuhi ile kwenye vibanda vya samaki aliacha perege mzima sahanini, mpaka mama muuzaji akamuuliza kama anaumwa. Ndani ya mtumbwi alikaza mkanda wa maski, akaulegeza, akaukaza tena, mara nne au tano. Niliona yote hayo. Nikasema, "Twende, jua linapanda."

Chini hukioni kiganja chako. Mnavijua visiki vya Mtera, miti iliyofunikwa bwawa lilipojaa. Hozi ya geji yake, mpira wa kipimo cha hewa, ikanasa kwenye tawi. Nikapapasa mpaka nikamnasua, tukapanda. Juu upepo ulikuwa umeshaamka, mawimbi mafupi yanapiga usoni. Akaibuka mita kumi kutoka kwangu, hakujaza jaketi, akatema regulata, akapandisha maski. Nikamfuata mbele kwa mbele. Regulata nilikuwa nimeitoa ili anisikie, na niliamini atanisikia kwa kuwa ni mdogo wangu, tumekula sahani moja miezi sita. Akanipanda kama mtu anayepanda ukuta. Goti kifuani, mkono ukang'oa maski yangu, tukashuka wote wawili. Nakumbuka ladha ya tope, na vidole vyangu vinatafuta kitufe cha inflata, cha kujazia jaketi, bila kukipata. Bizimu ya mkanda wake ilikuwa karibu na mkono wangu. Sikuikumbuka.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mvuvi, na hakuingia majini. Alitupa dumu tupu la njano, la lita 20, lililofungwa kamba. Likamgonga mwenzangu begani, akaniachia, akalikumbatia.

Kosa linaloniuma zaidi bado sijalisema. Tulipofika nchi kavu, mbele ya wavuvi na akina mama wa samaki, nilimfokea. "Ulitaka kuniua!" Alikuwa anatetemeka, midomo imepauka, anajibu "Samahani, kaka, samahani," huku anahangaika kufungua mkanda uleule kwa vidole visivyomtii. Hakupiga mbizi tena. Miaka kadhaa baadaye nilimkuta Soko la Majengo, nikamwomba radhi. Akanipokea vizuri. Akaniambia kwamba asubuhi ile alitaka kusema hajisikii sawa, akaona nina haraka.

4. Akikushika, shuka. Regulata mdomoni, punguza hewa kwenye jaketi, zama. Yeye anataka juu, atakuachia.

5. Ukimfuata, mfuate kwa nyuma. Zama ukiwa mbali, mzunguke, ibukia mgongoni, shika vali ya mtungi wake, bana mtungi kwa magoti, kisha mjazie jaketi. Hapo hakufikii. Kama mtungi wake umeisha, inflata haitajaza kitu, kwa hiyo puliza kwa mdomo. Fanyeni mkiwa mmefumba macho, maana maji yetu ni ya kahawia.

6. Kitu cha kutupa kiwe tayari kwenye mtumbwi: boya, dumu, kamba. Na kabla ya kuingia muulizeni mvuvi wa hapo viboko na mamba wako wapi leo.

7. Dodoma mjini tuko karibu mita 1,100 juu ya bahari, na Hombolo haiko chini sana ya hapo. Kuanzia mita 300 mnapiga hesabu za mwinuko. Meza ya mbizi, lile jedwali la kina na muda wa kukaa chini, mliyoizoea kule pwani iacheni pwani.

8. Muulize mwenzako nchi kavu, nanyi mmekaa, kabla hamjavaa. "Umelala? Umekula? Leo unataka kuingia?" Akisema hapana, hakuna kuingia na hakuna maswali. Mimi kwa kozi hii nimeweka sheria: anayesema hapana anashika kamba juu, na siku yake inahesabiwa kamili kama ya aliyezama. Wawili wameshaitumia. Nawaheshimu sana.

9. Ukishamtoa mtu, mvue mtungi, mfunike, mpe chai ya moto akiweza kushika kikombe. Aliyemeza maji au anayekohoa apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Mazungumzo ya nani alikosea yasubiri kesho yake, tena mkiwa wawili tu.

Jumamosi hii tunarudi Hombolo, saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kila mtu aje na mkanda aliopima upya kwa maji ya bwawa. Mwokoaji wa wiki iliyopita ataanza yeye, na safari hii atakayejifanya amepaniki ni mimi. Sitamwonea huruma nikimfikia, kwa hiyo asikubali nimfikie.