Ukienda Mbudya, kagua kapu lako kwanza

Wageni wangu kutoka mikoani wakifika Dar, lazima tufike kisiwa cha Mbudya. Boti tunapandia Kunduchi, na pale ufukweni huwa nawakera: nafungua makapu, nakung'uta mikeka, nataka kujua kiroba cha mkaa kililala wapi. Wananiita ofisa forodha. Sawa tu, maana ninayemtafuta ni panya.

Tukisikia kulinda kisiwa, akili inakimbilia uvuvi wa baruti na matumbawe. Hayo yapo, na Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini yalitangazwa maeneo tengefu tangu 1975. Ila viumbe wa nchi kavu kisiwani mara nyingi humalizwa na kilicholetwa kuliko kilichochukuliwa. Ndege ambaye vizazi na vizazi hakuishi na panya wala paka hutaga chini, peupe, na hana mazoea ya kukimbia. Dodo, ndege wa kisiwa cha Mauritius, hakuuawa na mabaharia peke yao. Waholanzi walifika 1598. Nguruwe, kima na panya walioshuka melini wakala mayai, na miaka mia haikutimia dodo akawa hayupo.

Panya wanaweza kuondolewa. Kisiwa cha Chumbe, hapo Unguja, walimalizwa kwa sumu mwaka 1997. Lakini sumu lazima ifike kila pembe ya kisiwa, kwa sababu akibaki jike mmoja mwenye mimba kazi yote imekwenda bure. Ni nafuu kumzuia Kunduchi.

Kwa hiyo chakula na mkaa nasafirisha kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mkeka na hema nakung'uta nyumbani, mbegu na sisimizi vibaki huko huko. Paka hapandi boti. Nimewahi kubishana na jamaa aliyetaka kumwacha wa kwake kisiwani "awamalize panya". Paka hachagui, ndugu yangu. Kinda la ndege ni rahisi zaidi kulikamata.

Kisha kuna kunguru. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu anayetunyang'anya vitumbua mjini ni mgeni: aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka. Leo Dar ni yake, na yule kunguru wetu mwenye kifua cheupe ana kazi kuonekana. Huyo mgeni anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na maji ya kufika Mbudya si mapana kwake. Ukimwachia vichwa vya samaki na chipsi, umemwalika. Kuzika mchangani hakusaidii, panya ana pua. Mabaki yote narudi nayo mjini, hata maganda ya ndimu, na wenye boti wameshanizoea.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kaa wa nazi, yule mkubwa anayepanda miti na kuvunja nazi kwa gando. Mbudya wapo. Hukua polepole mno na huishi miongo, hivyo mmoja anayeliwa leo hazibwi pengo kesho. Mtu akikunong'oneza kwamba anaweza kukuchomea, kataa, na usimvute kaa shimoni kwa ajili ya picha. Wachache wanajua kuwa kaa huyu akiwa mdogo huishi ndani ya kombe tupu, kama wale kaa wadogo wanaotembea na nyumba mgongoni. Wanangu walikuwa wakijaza mifuko makombe ya kupamba dirisha. Siku hizi wanayapanga mchangani, tunapiga picha, tunayaacha.

Ukiona panya au paka kisiwani, waambie siku hiyo hiyo watumishi wa hifadhi wanaopokea ada ya kiingilio, na uwaeleze umemwona upande gani.