Airport ya zamani Mbeya ilikuwa ya nini?
Mdogo wangu unauliza eti ile airport ya zamani pale mjini ilijengewa nini wakati airport ya Songwe ipo, aisee Songwe ni ya juzi tu, imeanza Desemba 2012. Ile ya mjini ina historia nzito, mwaka 1932 Imperial Airways ya Uingereza ilipofungua ruti ya Cairo mpaka Cape Town ndege zilikuwa zinashuka Dodoma halafu Mbeya ndo zinaingia Zambia, na kipindi hicho Chunya dhahabu ya Lupa imechangamka kweli, watu wanamiminika. 1937 wakaleta ndege za kutua majini zikawa zinapita pwani, basi sisi wa milimani tukaachwa.

Baadae ikabaki ya vindege vidogo, maana uwanja mfupi, milima imekuzunguka na mji uko juu zaidi ya mita 1,600, hewa nyepesi, ndege inataka kukimbia sana ndo inyanyuke. Jeti kubwa ingetua wapi? Songwe wameweka ranwei ya kilomita 3 na ushee. Ila nauli ya kutoka mjini mpaka kule sasa, mhh.

Halafu Songwe airport iko mkoa wa Mbeya, sio mkoa wa Songwe, wengi wanachanganya.