Maswali ya wasomaji: Paa wa Sultani Darai nimfufue?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mi naandika riwaya ya fantasia, nimeichukua ile hadithi ya Sultani Darai, maskini anayetajirishwa na paa wake anayeongea, ambayo bibi alikuwa anatuhadithia, sasa rafiki zangu wananikatisha tamaa wanasema hiyo ni kukopi tu na mwisho kila mtu anaujua, nani atanunua. Afu paa anakufa, inaniuma, nafikiria nimfufue. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hao rafiki zako waache kwanza, maana wangekuwa sahihi basi nusu ya fantasia za dunia zisingekuwepo. Robin McKinley wa Marekani alitoa riwaya ya Beauty mwaka 1978, ni ile ngano ya Kifaransa ya binti anayeenda kuishi na dubwana kwenye kasri, kila mtu kule anaijua, ila yeye akamfanya binti asiyejiona mzuri, anapenda vitabu na farasi, na dada zake ambao kwenye ngano ni wabaya akawafanya watu wema kabisa. Akarudi tena 1997 na Rose Daughter, ngano ileile, kitabu kingine. Kwahiyo kujulikana kwa mwisho hakuui kitabu, msomaji anafuata njia utakayompitisha.

Na hii ya kwako imeshatembea sana jamani. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliandika masimulizi ya watu wa Zanzibar akayachapa London mwaka 1870, Sultani Darai imo. Huko Ulaya nako mwandishi Perrault wa Ufaransa ana paka wake mwenye viatu, 1697, anamtajirisha bwana wake kwa uongo na akili kama paa wetu tu, na kabla yake Basile wa Napoli ana paka anayejifanya amekufa ili ampime bwana wake, bwana anasema mtupeni dirishani! Paka akaamka akamsuta akaondoka zake. Ona sasa, paa wetu yeye hajifanyi. Anaumwa kweli, bwana anaagiza apewe uji wa mtama mwekundu, hataki hata kwenda kumwona, anasema kwani si nilimnunua kwa thumuni, na paa anakufa kweli, anatupwa kisimani. Kwa maoni yangu yetu ndo nzito zaidi, na wewe unataka kuondoa uzito wake wenyewe.

Usimfufue. Nakuomba.

Kazi yako iko pale ambapo bibi alipita haraka. Mtu alikuwa anapekua jaani kutafuta chembe za mtama, paa akampatia mke, nguo, nyumba ya yule nyoka wa vichwa saba, sasa ilikuwaje moyo ukageuka? Hadithi haisemi, inasema tu aligeuka. Riwaya lazima iseme, na si kwa sentensi moja, labda alikuwa anaogopa kila akimwona paa anakumbuka jaa, labda alichoka kuitwa sultani kwa jina alilotungiwa na mnyama, hiyo utaamua we mwenyewe ila inatakiwa ianze mapema, tangu siku ya harusi tuone kitu kidogo hakiko sawa. Na mke je? Kwenye hadithi anampenda paa, anamwona mumewe anavyofanya, afu mwishoni anaamka yuko kwa baba yake. Mi ningeandika kitabu kizima kwa macho yake kusema kweli.

Upande wa fantasia usijaze majini kila ukurasa. Una paa anayeongea na nyoka wa vichwa saba, wanatosha, ila weka sheria zao: paa anajua nini, hawezi nini, kwanini alimchagua maskini yule asiye na kitu. Msomaji akishajua paa hana uwezo wa kujiponya, ule ugonjwa utamshika koo.

Kuhusu kukopi, hadithi ya mapokeo simulia kwa maneno yako, usinyanyue sentensi za mwandishi mwingine wa sasa aliyeisimulia. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, kwahiyo ukikaribia kuchapa pita COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulize taratibu kabla hujamlipa mchapaji, na ukurasa wa mwanzo andika wazi kwamba hadithi uliipata kwa bibi, jina lake litaje.