"Mama, mlisomea wapi muziki?"

*Shikamoo mama. Niliwaona mkipiga kwenye harusi hapa Makambako mwezi wa saba. Nina miaka 19, gitaa nimejifundisha kwa kuangalia video kwenye simu, nota sizijui. Ningependa kufahamu wewe na wenzako mlisomea chuo gani, na kama mtu wa aina yangu anaweza kupokelewa kwenye bendi. Msomaji, Makambako.*

Marahaba, mwanangu. Ile harusi naikumbuka, wali ulitufikia saa saba usiku.

Tuko saba, na aliyesomea muziki chuoni ni mmoja tu, mpiga tumba wetu. Alipita Bagamoyo, Chuo cha Sanaa kile kilichoanza mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Cheti anacho, kakiwekea fremu. Kwenye kubeba spika tukifika ukumbini hakijamsaidia hata siku moja.

Sisi wengine kila mmoja katokea kwake, na nakwambia kweli, alikotoka mtu unakusikia kwanza kwenye makosa yake. Nianze na langu ili wenzangu wasinune. Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa TAZARA, tukakulia Iyunga, kituo kilipo, na kila Jumapili nilikuwa kwaya ya Kikatoliki, sauti ya pili. Huko tulisomeshwa sol-fa ubaoni, d r m f s, mwalimu na fimbo yake ya kuonyeshea. Hadi leo ukiniandikia wimbo kwa sol-fa nitauimba bila kuusikia kwanza. Lakini sauti ya pili ya kwaya kazi yake ni kutulia: wenzako wa sauti ya kwanza wanapanda na kushuka, wewe umekaa kwenye "so" yako kama kigingi cha mbuzi. Kwenye dansi mambo si hayo. Waimbaji wawili wanakwenda bega kwa bega, wa kwanza akipanda ngazi na wewe unapanda, umbali kati yenu haubadiliki sana. Mwaka mzima wa kwanza kiongozi alikuwa akinigeukia katikati ya kiitikio na kuninong'oneza, "Dada, tembea!"

Mpiga tarumbeta ndiye mwenye kisa kirefu. Ni mtoto wa Rungwe. Wamoraviani walifika kule mwaka 1891, na mpaka leo kwao ibada bila matarumbeta ni kama chai bila sukari. Alishika tarumbeta akiwa darasa la nne, akapuliza kwenye mazishi, kwenye harusi, na alfajiri ya Pasaka makaburini, baridi ya Rungwe imekamata midomo. Pumzi anayo ya kumtosha ng'ombe. Nota anasoma kutuzidi wote.

Sasa sikia. Mara ya kwanza kupiga naye ilikuwa Tukuyu. Mpulizaji wetu wa zamani alikuwa ameugua, huyu tukamchukua siku hiyo hiyo, mazoezi hakuna, mwenyewe kasema wimbo anaujua tangu utotoni. Tukaanza. Ulipofika mwingilio wa tarumbeta, mwanangu, ilikuwa kama mtu kaangusha sinia la vikombe. Alikuwa hakosei hata nota moja. Tatizo ni kwamba tarumbeta yake ni ya B-flat: akipuliza ile anayoiita C, kinachotoka ni B-flat ya gitaa, toni nzima chini. Kwenye bendi ya kanisa hilo halimsumbui mtu, maana karatasi za wapulizaji zimeshaandikwa kwa hesabu hiyo. Sisi tulikuwa tunapiga kwenye ufunguo wa D, naye kashika D ya kwake, yaani C yetu. Watu wa Tukuyu ni wastaarabu, walicheza hivyo hivyo.

Kesho yake tukakaa naye. Magitaa yanapenda G, D, A na E, kwa sababu hapo nyuzi tupu zinalia zenyewe. Tarumbeta ile inapenda B-flat, E-flat na F. Ili alingane na G yetu lazima yeye apige A, yenye shapu tatu. Tukipiga E, kwake inakuwa F-shapu, shapu sita, na vidole juu ya zile vali tatu vinakuwa kama vya mtu anayekokotoa kodi. Tulipatana hivi: nyimbo zenye tarumbeta tunazishusha au kuzipandisha ziende F au B-flat, mpiga solo anabana kapo, kile kibanio cha kupandisha sauti ya nyuzi, kwenye shingo ya gitaa, na mimi koo langu linalipa deni. Kitu kimoja hakijamtoka mpaka leo. Kila mwisho wa mstari anaivuta nota ya mwisho kama anangoja mchungaji aseme amina.

Mpiga dramu ni askari mstaafu, alikuwa bendi ya polisi. Mikono yake ni saa. Shida ni kwamba ile saa ilizoea gwaride: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wimbo wa dansi una sehemu ya mwanzo ya taratibu, watu wanashikana viunoni na kusikiliza maneno, halafu ndipo inakuja chemko, sehemu ya kasi ya kucheza. Yeye alikuwa akitupeleka kwenye chemko kabla bwana harusi hajamaliza kuweka mkono mahali pake. Dawa ilitoka kwa yule wa Bagamoyo. Alimwambia, "Afande, sikiliza tumba, usinisubiri nikusikilize wewe." Tangu hapo wamewekwa jirani jukwaani, hata basi likiwa tupu wanakaa siti moja.

Kijana wa kinanda ametoka kanisa la kilokole, Mwanjelwa. Huyu anafanana na wewe, kajifundisha mwenyewe. Anajua ufunguo mmoja tu, C, na vingine vyote anavipata kwa kubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti. Simcheki, ana sikio kali, mhubiri akianza kuimba bila taarifa yeye ndani ya sekunde tatu kashampata. Ila kuna jioni moja Mbalizi umeme ulikatika, ukarudi, kinanda kikawaka upya na hesabu zote zimerudi sifuri, naye hakuangalia. Yaliyofuata uliza wenzangu.

Mpiga solo nimemweka mwisho kwa sababu ndiye ninayemsikiliza zaidi. Kwao ni upande wa Kalenga, Iringa. Babu yake alikuwa akipiga ligombo, chombo cha Wahehe: ubao uliochongwa kama kihori, uzi mmoja mrefu unazungushwa mara nyingi kutoka ncha hii hadi ile, na chini kuna kibuyu cha kukuza sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipopita Tanganyika kurekodi muziki wa wenyeji alimrekodi Pancras Mkwawa akiimba na ligombo, sauti hizo zipo bado. Mpiga solo wetu hajui kupiga ligombo. Ila alikua akimsikia babu jioni, akisimulia huku nyuzi zinarudia rudia kitu kile kile chini ya maneno. Sasa muangalie gitaani. Wenzake wa solo wanakimbilia nyuzi nyembamba wamwage nota kama mvua, yeye anaacha uzi mmoja mnene unavuma peke yake, juu yake anaweka nota tatu, nne, basi. Mwanzoni tulidhani ni uvivu. Mpiga ridhimu, ambaye alizaliwa Tunduma na kukulia kwenye kalindula ya Wazambia ya mwendo kasi, alitaka tumfukuze. Leo wimbo ambao watu wanatuomba turudie ni ule anaouanza yeye na uzi wake mmoja.

Kwa hiyo mwanangu, njoo. Mazoezi ni Jumatano. Njoo na gitaa, simu iache mfukoni, na usiniambie unajua nyimbo mia. Chagua moja uipige kwenye F.

*Kamwene mama. Mimi ni mzee wa Iringa mjini, nilicheza sana Tancut Almasi. Kwenye bendi yenu kuna masalia ya wanamuziki wa zama zile? Na kwa nini bendi kama zile hazizaliwi tena mikoani? Msomaji, Kihesa.*

Kamwene baba. Masalia hatuna, ila miguu ya dada zangu inaikumbuka vizuri. Tancut ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha hapo kwenu Iringa, na wale mapacha wa Kizaire, Kasaloo na Kyanga, waliifanya Dar es Salaam igeuze shingo kuangalia Nyanda za Juu.

Swali la pili lina jibu lisilopendeza. Zama zile mwenye bendi alikuwa shirika la umma, jumuiya, jeshi au polisi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ya 1978 ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, vyombo ni vya mwajiri. Shirika likifa, dramu na amplifaya vinakwenda na shirika. Sisi vyombo ni vyetu, vingine vya mkopo, na mimi ndiye mweka hazina. Wiki isiyo na harusi mpiga dramu anafuga kuku, mpiga ridhimu anarudi kwenye bodaboda. Kufanya mazoezi siku tano kwa wiki kama wao hatuwezi, na baba, msikiaji kama wewe utalijua hilo ndani ya wimbo wa pili.

*Dada, nina miaka 34, watoto wawili, niko Njombe. Natamani kupiga besi. Mume wangu anacheka. Nimechelewa?*

Mdogo wangu, mpe shemeji salamu zangu, mwambie aendelee kucheka kwa mdundo sawa, tutamhitaji.

Usinunue besi kwanza. Azima gitaa la kawaida. Zile nyuzi nne nene, E, A, D, G, ndizo za besi, tofauti ni kwamba za besi ziko chini zaidi. Jifunze kwenda na kurudi kwenye hizo, polepole, ukigonga chini kwa mguu. Ukishika besi yenyewe utakuta nyuzi ni nene kama kamba ya kuanikia nguo, na wiki ya pili vidole vitatoa malengelenge. Usiyapasue.