Nikipinga hukumu ya kifo isiyo na rufaa, je nimepinga Qur'ani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mie ni mama wa Kikongo, kwetu Goma ila sasa hivi niko Kigoma na wanangu. Mtoto wa dada yangu ni askari wa serikali huko nyumbani na tangu 2024 waliporudisha kutekeleza hukumu ya kifo usingizi umenipotea. Kwenye darsa letu la wanawake nilisema kumuua mtu bila kumpa rufaa ni dhulma, ustadhi mmoja akanijibu kwamba anayepinga hukumu ya kifo anapinga aya za Allah na inabidi nitubu. Ni kweli nimekosea?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Hapana mama yangu hujakosea, na hiyo toba uliyoambiwa sio ya kwako.

Nianze na hilo la huyo kijana manake najua ndo linalokuuma. Mei 2024 mahakama ya kijeshi pale Goma iliwahukumu kifo askari 8, watano kati yao maafisa, kosa lao kumkimbia adui. Julai ikafuata nyingine hukohuko Kivu Kaskazini, askari 25, kesi ya siku moja tu. Watu 25 siku moja, hebu gawanya hayo masaa uone kila mtu kapata dakika ngapi za kujitetea na roho yake iko mezani. Na sheria yao ya jeshi ina mahakama zinaitwa za operesheni, zinakaa kulekule kwenye vita, hukumu yake haina rufaa hata kidogo, wakati katiba yao wenyewe kifungu cha 61 inasema haki ya kuishi na haki ya kukata rufaa haziguswi hata nchi ikiwa kwenye hali ya hatari.

Sasa kukimbia vitani kwenye dini yetu ni dhambi kubwa, sifichi, Suratul Anfal aya ya 15 na 16 ipo wazi. Lakini twende kwenye vita vya Uhud. Wapiga mishale wameacha mlima walioambiwa wasiuache, jeshi limevunjika, wengi wamekimbia mpaka Mtume s.a.w. kabaki na watu wachache, kavunjwa jino, uso unatoka damu, Waislamu kama 70 wamekufa akiwemo ammi yake Hamza. Kama kuna siku kamanda alikuwa na sababu ya kupanga watu mstari na kuwaua ni siku ile. Aliua wangapi? Hata mmoja. Aya ikashuka, Aal Imran 155, kwamba wale waliogeuka siku yalipokutana majeshi mawili shetani ndiye aliyewatelezesha na Allah ameshawasamehe, na aya ya 159 anaambiwa awasamehe na awaombee na ashauriane nao. Ashauriane nao mama, haohao waliokimbia! Na kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari, sahaba Ibn Umar aliulizwa kuhusu sayyidna Uthman r.a. kukimbia siku ya Uhud akasema nashuhudia Allah amemsamehe. Angepigwa mkuki siku ile kwa hukumu ya haraka haraka nani angekuja kuwaunganisha Waislamu kwenye msahafu huu mmoja ambao ustadhi anausoma leo?

Nije kwenye rufaa. Watu wanadhani rufaa kaileta Mzungu, hapana, ipo kwenye Suratul Anbiyaa aya ya 78 na 79, Daud na Sulaiman a.s. wanahukumu kesi ya shamba lililoliwa na kondoo usiku, Daud keshahukumu, Sulaiman akaona njia nyingine, na Allah anasema tukamfahamisha Sulaiman, kisha akawasifu wote wawili kwa hekima na elimu. Yaani nabii, tena mfalme, hukumu yake imeangaliwa upya na heshima yake haikupungua. Na ile kesi ya wanawake wawili waliogombania mtoto, ipo kwenye Bukhari na Muslim, Daud alishampa yule mkubwa, wakatoka, wakapita kwa Sulaiman, akaisikiliza tena, mtoto akarudi kwa mama yake. Bila mlango wa pili yule mama angekosa mwanawe mpaka kufa.

Na Mtume wetu mwenyewe, hadithi ya mkewe Ummu Salama, anasema mimi ni binadamu tu, mnaniletea mashtaka, huenda mmoja wenu akawa fasaha kuliko mwenzake nami nikahukumu kwa nilivyosikia. Kama yeye anasema hivyo ni afisa gani leo mwenye nyota begani atasema hukumu yangu haiguswi? Hata sahaba Maiz, ambaye alikuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara kadhaa, akauliza ana wazimu? na adhabu ya kupigwa mawe ilipoanza Maiz akakimbia, wakamfuata wakammaliza, Mtume aliposikia akasema si mngemwacha. Mlango ulikuwa wazi mpaka dakika ya mwisho.

Ustadhi atakwambia na kisasi je? Kisasi kipo, Baqara 178, sikatai aya ya Mola wangu na wewe pia hujaikataa. Lakini isome mpaka mwisho, katikati mna kusamehe, muuaji na mwenye kudai damu wameitwa ndugu, na haki ile kapewa familia ya aliyeuawa, wakisamehe au wakichukua dia, yaani fidia ya damu, imekwisha. Kijana aliyekimbia bunduki za waasi wa M23 hana familia inayodai damu yake. Kumpiga risasi ukaita kisasi ni kuisingizia Qur'ani, na mie kwa mahakama tulizonazo leo, mashahidi wa kununuliwa, maskini hana wakili, napinga kunyonga kabisa hata kwa hizo kesi zenye rufaa. Hii ni rai yangu, najua masheikh wengine hawakubaliani nami, lakini kwenye hukumu isiyo na rufaa sijui wataegemea dalili gani.

Na Kongo haya yameshaonekana. Mahakama ya kijeshi aliyoiunda Rais Laurent Kabila, yule baba, 1997 nayo haikuwa na rufaa, Januari 2000 ilimuua mtoto askari wa miaka 14, nusu saa tu baada ya kesi. Miaka 14, bado hata ndevu hana. Nusu saa haitoshi hata kumtafuta mama yake aje amuage.

Kuhusu kijana wako, mwambie akikamatwa asisaini maelezo ambayo hajayasoma, adai wakili tangu siku ya kwanza, na nyie familia mtafute watu wa haki za binadamu mapema, msingoje hukumu. Ukiletewa barua ya kupinga hizi hukumu weka sahihi yako, huna dhambi. Muombee kwa jina lake kila sijda, nami kuanzia leo namuombea.

Huyo ustadhi nisalimie sana, usigombane naye, mwambie Sheikh anaomba waisome pamoja Al-Anbiyaa 78 na 79 halafu anipigie. Wallahu a'lam.